Pindo la Ramani

Fundi hakuweza kuona karatasi yenye ukingo mpana bila kushika mkasi. Kazi ilimzoeza hivyo. Karatasi za kukatia nguo huja na maandishi mengi pembeni, namba na vimstari vya kiwandani, na yeye miaka yote huvikata vyote akabaki na umbo analolitaka: mkono, kola, mgongo. Kwa hiyo binti yake alipoitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, Fundi aliitupia jicho, akasema, "Mbona ina pindo kubwa hivi?" Kabla mtoto hajamaliza kuvua mkoba, mkasi ulishapita kraa, kraa, kraa, na ukingo wa chini ukaanguka katikati ya vipande vya kitambaa.

"Mama!"

"Nini? Kwani nimekata nchi ya watu? Nimekata pembeni, pasipo na kitu. Sasa itaingia vizuri kwenye mfuko wa nailoni isilowe."

Mtaa mzima walimwita binti yule Sindano. Wembamba ulikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba akianza kuuliza, alichoma. Ndiye mtoto pekee aliyebaki mikononi mwa Fundi baada ya mimba zilizoharibika, na mama yake alimlea kama yai. Wingu likijikunja, haendi dukani. Mbwa akibweka mtaa wa pili, mlango unafungwa. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiliegemeana na cha Fundi, alimbandika jirani yake jina la Bi Taratibu, maana "taratibu, mwanangu" ndilo lililokuwa neno lake la kufungulia asubuhi na la kufungia jioni.

Likizo hiyo mwalimu wa jiografia aliwapa wanafunzi wake nakala ya ramani ya sehemu yao, nyeusi na nyeupe, iliyotolewa kwa mashine ya fotokopi. Aliwaambia kila mmoja achague safari fupi ya miguu, aitembee, kisha aje aseme ameona nini: kilima, bonde, kijito, na kaskazini ilikuwa upande wa bega gani. Sindano alichagua nyumbani kwa Bibi, mama mzazi wa Fundi, aliyehamia kwa mjomba upande wa pili wa kilima. Gauni la Bibi lilikuwa limeshapigwa pasi, linangoja mchukuzi. Sindano alitaka alichukue yeye, kwa miguu, peke yake.

Alikuwa ameomba tangu shule ifungwe. Aliomba akiosha vyombo, aliomba akitunga uzi. Jibu halikubadilika.

"Barabarani kuna malori."

"Sipiti barabarani, mama. Barabara inazunguka mbali. Napita bondeni, kando ya kijito."

"Bondeni! Nani anakaa bondeni? Hebu lete hiyo ramani yako nione."

Basi siku hiyo Fundi akainamia ramani. Kidole chake kilipata nyumba yao, kikapata kwa Bibi, na katikati kikapata lile bonde. Lilikuwa jeupe. Vimstari viwili vitatu tu vimepita kwa mbali, basi.

"Unaona? Peupe! Hakuna hata njia. Mtoto akipiga yowe hapa nani atasikia? Hakuna, hakuna, hapiti mtu hapa." Kidole kikahamia kilimani. Na pale, upande wa kilima ulioelekea kwa Bibi, uso wa Fundi ukafunguka kama dirisha. Mistari! Mistari myembamba chungu nzima, imelala ubavu kwa ubavu, mingine ina namba kabisa. "Na huku je? Tazama njia zilivyojaa. Zimebanana mpaka zinakanyagana. Zina namba, kama za mabasi. Njia zote hizi, watu hawakosi. Wakata kuni, wachungaji, wauza mboga. Ukijikwaa hapa unaokotwa na mama wa mwenzio kabla hujafika chini."

Sindano aliitazama mistari ile. Akamtazama mama yake. Akafungua mdomo.

Fundi alikuwa anatabasamu. Ndilo tabasamu la kwanza kulitoa juu ya safari hii. Tayari alikwishachomoa uzi kwenye kidonge chake, akaulaza juu ya ramani kupima, akachukua chaki ya kuchorea kitambaa akapiga alama: kutoka nyumbani, juu ya kilima, moja kwa moja katikati ya ile mistari iliyobanana, hadi kwa Bibi.

"Ukipita hapa, nakuruhusu. Kesho. Unasemaje?"

Mdomo wa mtoto ukafungwa.

"Sawa, mama," akasema.

Fundi alidhani ni utii. Mama mwenye mtoto na asome hapa mara mbili. Mtoto mbishi akiitikia upesi namna hiyo, usishukuru kwanza. Uliza.

*

Huenda mtu akajiuliza, je, Fundi hakukijua kilima? Alikijua kwa upande mmoja. Kutoka mlangoni kwake kilionekana kipole, kimelala kama ng'ombe anayecheua, na nyasi zake zimepanda polepole hadi mgongoni. Upande wa pili hakuwahi kuuona. Walipokwenda kwa Bibi walipanda gari, na Fundi akiwa garini hufumba macho, hushika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na huyafumbua anaposikia konda akitangaza kituo.

Asubuhi ya safari alimfunga mtoto kamba za viatu yeye mwenyewe, ingawa mtoto alikwishazifunga.

"Usiongee na mtu usiyemjua. Ukimjua pia usikae sana. Maji unayo? Ukichoka kaa kivulini. Usikae kwenye majani marefu. Taratibu, mwanangu."

"Bi Taratibu," Kinyozi aliita, mkono ukiwa umebana sikio la mteja, "huyo anakwenda kwa bibi yake au anakwenda vitani?"

"Wewe nyoa watu. Usije ukamkata huyo sikio, tukasema ndiyo staili mpya."

Mteja akaruka kwenye kiti. Sindano akacheka, akakumbatia furushi la gauni, akaenda. Gauni lake mwenyewe lilikuwa la njano. Mama yake alilishona rangi hiyo makusudi, ili aonekane mbali. Fundi alilifuata kwa macho mpaka likapinda nyuma ya tangi la maji, akarudi kukaa kwenye cherehani. Akashona mkono wa kulia wa shati la mtu mahali pa mkono wa kushoto. Akafumua.

Jua lilikuwa limeshapanda vizuri alipoingia mwalimu wa jiografia mwenyewe, mwanamke mcheshi mwenye vumbi la chaki lisilotoka kwenye pindo za mikono. Alikuja kujaribu sketi yake ya marinda. Fundi alimsimamisha kwenye kigoda, akawa anamzunguka na pini mdomoni.

"Sindano yuko wapi leo?"

"Mmh," Fundi alitoa pini. "Ametembea. Kazi yako hiyo, mwalimu. Amekwenda kwa bibi yake na ramani."

"Safi sana! Peke yake? Na wewe ukakubali?" Mwalimu alicheka. Kisha akanyoosha mkono mezani, akaokota kikaratasi kirefu ambacho Fundi alikuwa amekichomekea pini zake zisipotee. Akakigeuza. "Fundi, hiki si ufunguo wa ramani? Mbona uko hapa?"

"Ufunguo gani? Hicho ni kipindo tu. Nimekikata."

"Umekata ufunguo!" Mwalimu bado alikuwa anacheka. "Humu ndimo ramani inaposema lugha yake. Ona: mstari mnene, barabara. Wa kukatikakatika, njia ya miguu. Huu uliopindapinda, kijito. Na huu mwembamba, mzima, wenye namba, kontua."

"Kontua ndiyo njia ya wapi?"

"Si njia, Fundi. Ardhini hakuna mtu anayeuona. Ni mstari wa kuonyesha urefu wa ardhi. Kila mahali mstari mmoja unapopita, ardhi iko juu kiasi kilekile. Namba ndiyo inasema juu kiasi gani."

Fundi akatoa pini zote mdomoni, moja moja.

"Na ikiwa mingi? Imebanana?"

Mwalimu hakujua anachoulizwa. Alikuwa anafundisha, na mwalimu akianza kufundisha anasahau yuko wapi. Akashika marinda ya sketi aliyoivaa. "Si unaona hapa kitambaa kimetulia, marinda yako mbalimbali? Kimelala. Sasa yabane hivi, yasogeane. Kitambaa kinafanyaje?"

"Kinainuka," Fundi alisema.

"Basi. Mistari ikiachana ni tambarare, au mteremko wa kutembea huku unaimba. Ikisogeana ni mteremko mkali. Ikibanana kabisa, hapo ni genge. Ukuta."

"Na palipo peupe?"

"Tambarare. Mashamba, mara nyingi, na watu..." Mwalimu akainua macho. "Fundi? Fundi! Umemwambia apite wapi?"

Fundi alishachukua simu. Aliipiga ya Bibi, ikaita, ikaita, ikakata. Bibi huifungia simu yake kabatini isiibiwe. Akaitupa mezani. Akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Sketi!" mwalimu alilia. "Nina pini kila mahali, siwezi hata kukaa!"

"Usikae! Nilindie duka!"

Na Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimwona Bi Taratibu anakimbia.

*

Mwanzo kilima kilikuwa rahisi, kama kilivyoonekana kutoka mlangoni. Fundi alipanda na ndara zake, akipumua kama mvukuto, akiita. Nyasi zilimwitikia kwa panzi tu. Hakukuwa na mkata kuni wala mama wa mtu. Kule juu, mahali ambapo chaki yake ilivuka, kilima kilikatika kama mkate.

Alichungulia, akaona mawe, vichaka vilivyoshika mwamba kwa kucha, na chini kabisa vilele vya miti. *Nimemtuma hapa. Kwa kidole changu. Kwa chaki yangu.*

"Sindanooo!"

Aliona kitu cha njano chini kidogo, kimenasa kichakani. Hakuwaza. Alikaa chini, akateleza kwa makalio, akashika mzizi, akashuka, akashuka tena, ndara moja ikamtoka ikaruka ikigonga mawe, tap, tap, kisha kimya kirefu. Alipokifikia kile cha njano akaona ni maua tu.

Alikuwa amesimama juu ya ubao mwembamba wa mwamba. Kurudi juu, mzizi aliokuwa ameushika umekatika. Kwenda chini hakuna pa kukanyaga. Fundi akaegemeza shavu kwenye jiwe, akafumba macho kama afanyavyo garini, lakini hapa hakukuwa na konda wa kumtangazia kituo.

Aliita jina la mtoto mpaka sauti ikawa kama ya jogoo mchanga. Halafu kutoka chini, kwa mbali, sauti ikajibu.

"Mama?"

Akafumbua jicho moja. Chini yake dunia ilikuwa imetandikwa. Bonde lilikuwa la kijani, lina matuta ya mboga na watu wameinama, wengi tu, na njia nyeupe imelifuata lile bonde sambamba na kijito kama uzi uliopitishwa na mkono usiotetemeka. Njia ile iliishia nyuma ya nyumba yenye bati jipya. Na kutoka pale lilikuwa linakuja mbio gauni la njano, na nyuma yake bibi kizee mwenye fimbo.

"Nani huyo kajibandika gengeni kama mjusi?" Bibi aliuliza kwa nguvu.

"Ni mama, Bibi!"

"Mama yupi? Mwanangu mimi? Aliyekuwa anaogopa kushuka kitandani?"

Fundi alilia na kucheka pamoja, na kucheka kukamtikisa, akanyamaza haraka. Mtoto yuko hai. Mzima, miguu miwili, viatu vyote viwili. Hapo tu ndipo alipoanza kujiogopea mwenyewe.

Sindano alisimama mahali alipoweza kuonana naye, akafungua ramani, akaigeuza mpaka kilima cha karatasi kikatazamana na kilima cha mawe.

"Mama, nisikilize. Usipande. Usishuke pia."

"Sasa nifanyeje, niote mabawa?"

"Huo mwamba unaoukanyaga unaendelea, upande wa mkono wako wa kushoto. Uko usawa mmoja. Ufuate hivyohivyo, kama unafuata kontua moja. Hupandi wala hushuki. Ukifika kwenye ule mti uliopinda, mistari inaachana. Hapo kuna mteremko wa kawaida, utashuka kwa miguu yako."

"Una hakika?"

"Nina hakika na ramani, na nauona kwa macho. Vyote viwili. Taratibu, mama."

Neno hilo likimrudia kutoka chini, Fundi aliuma midomo. Akasogeza mguu wenye ndara. Akasogeza mguu mtupu. Mwamba ulikuwa wa moto. "Hivyo," sauti ilisema. "Usitazame chini, nitakutazamia mimi. Hapo pana jiwe limelegea, livuke. Hivyo." Miaka yote yeye ndiye aliyesema, mwingine akanyanyua mguu. Hakujua kwamba mwenye kunyanyua mguu anaisikiliza ile sauti kwa mwili wote.

Kwenye mti uliopinda ardhi ilitulia, kama mwalimu alivyosema juu ya marinda. Fundi akashuka kwa magoti na mikono, akafika, akamshika mwanawe akamkagua kichwa, viwiko, magoti, utadhani anatafuta mshono uliofumuka.

"Ulijua," akasema hatimaye. "Ulijua ile haikuwa njia."

Sindano alitazama viatu vyake. "Tulifundishwa kontua muhula uliopita."

"Na ukaniambia 'sawa, mama'."

"Ulikuwa umetabasamu." Sauti ya mtoto ilipungua. "Ningekwambia ni genge, ungesema, 'Unaona? Kilimani genge, bondeni peupe, barabarani malori. Kaa nyumbani.' Sikutaka kusema uongo, mama. Nilitaka tu kuja."

Fundi alimtazama Bibi amsaidie kugomba.

"Mimi simo," Bibi alisema, akigeuka na fimbo yake. "Mimi nataka gauni langu, na makwapa yananibana."

*

Alimlegezea Bibi makwapa palepale uani, mguu mmoja ukiwa na ndara na mwingine na kandambili ya mjomba. Mkono ulishona, moyo ulifumua. Alikuwa amemzungushia mtoto ukuta wa hofu kila upande amlinde, na mtoto akajifunza kuupita kimyakimya. Leo ni bonde la mboga. Kesho ni njia gani nyingine ambayo mama hataambiwa, kwa sababu mama hawezi kusikia? Na siku hiyo akipotea, mama ataita juu ya kilima sicho, huku mtoto yuko kwingine kabisa. Genge lilimtisha Fundi, lakini hili lilimtisha zaidi.

"Mama," Sindano alisema, "Bibi anataka nibaki mpaka Jumamosi. Halafu nirudi mwenyewe."

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Utapita wapi?"

Mtoto alimtazama usoni kama mtu atazamavyo mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Sema yote," Fundi alisema. "Hata nisiyoyapenda."

"Bondeni. Mwanzoni ni mashambani, kuna watu. Halafu kwa wafyatua matofali, kuna mbwa, lakini amefungwa." Akasita. "Halafu kijito. Daraja hakuna. Kuna mawe ya kukanyagia, na moja linateleza."

Kila neno lilimpata Fundi mahali pake. Mbwa. Kijito. Linateleza. Ulimi ulikuwa tayari, umeshika "hapana" kama mkasi ushikavyo ukingo wa karatasi. Akaurudisha.

"Ni lipi linaloteleza?"

"La katikati. Lina ukijani."

"Basi leo nami nitapita huko, nilione."

Sindano akamkabidhi ramani. "Chukua wewe. Mimi njia naijua."

Fundi alirudi kwa njia ya bondeni, ramani mkononi, akiigeuza kila kijito kilipopinda. Jiwe la katikati alilivuka kwa mikono na magoti, na wenye mashamba wakamsalimia kwa adabu wasicheke mpaka alipopita. Dukani alimkuta mwalimu amesimama vilevile, na Kinyozi akimpepea kwa gazeti. Alipomaliza kumtoa pini, aliuchukua ule ukingo uliokatwa, akaupanga chini ya ramani, akaupitisha kwenye cherehani kwa uzi mwekundu, polepole, karatasi isichanike.

Jumamosi hakusimama mlangoni. Alishona, ramani iko mezani mbele yake, na kila alipofika mwisho wa mshono kidole chake kilisogea kidogo juu ya ile sehemu nyeupe: sasa mashambani, sasa kwenye matofali. Kidole kilipofika kijitoni kilikaa sana.

Kivuli chembamba kikaangukia cherehani. Gauni la njano lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

"Nimeteleza, mama," Sindano alisema kabla hajavua mkoba. "Siyo la katikati. Lile la mwisho, maji yamepanda."

Fundi alimeza neno alilokuwa nalo mdomoni. Akavuta kigoda, akapangusa meza, akampa mtoto chaki.

"Nionyeshe wapi," akasema.